Jeneza la Kaka Aliyesomea Urani

Kaka yangu alikwenda Urusi miaka ya themanini kusomea urani. Mpaka leo nikimsikia mtu akiitaja kwa ule woga wa kijinga, damu inanichemka.

Likizo moja alirudi nyumbani, karibu na Katito, akamkuta mama anapepeta mtama. Akachuchumaa kando yake.

"Mama, kazi yangu ni kama hii."

Urani ikichimbwa, alisema, ni aina mbili zimechanganyika, na ile nyepesi, inayotoa moto wa mtambo, haifiki hata moja katika mia. Basi wanaigeuza gesi, wanaizungusha kwenye mitungi kwa kasi, nyepesi inajitenga na nzito kidogo kidogo. Wanarudia na kurudia, mpaka nyepesi iongezeke, ifae kuwasha mtambo wa umeme. Huko ndiko kuirutubisha.

"Shida yote hiyo, na kuni ziko?"

"Kidonge kama ncha ya kidole chako, mama, kinashinda lori la kuni."

"Toka hapa, mwongo wewe!" Alicheka mpaka akamwaga mtama.

Halafu mtambo mmoja wa kule ukalipuka, redio zikasema. Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamuua kaka, katika mji ulio mbali kabisa na mtambo huo. Aliletwa ndani ya jeneza la bati, limechomelewa pande zote.

Kwetu jeneza hufunguliwa. Mama hukaa na mtoto wake, akamshika uso, akamlilia.

"Fungueni," mama alisema.

Fundi wa kuchomelea tuliyemtoa soko la Kibuye akaweka vyombo chini, akarudi nyuma.

"Moto wa urani uko humo," baba mkubwa akasema. "Utatumaliza sote."

Nilieleza. Nilipiga kelele. Nikawatukana wazee mbele ya watu. Wapi! Wanawake walimshika mama mikono, kaka akazikwa upesi upesi, waombolezaji wamesimama kule kwenye ua kama waliofukuzwa. Niliumia, jamani, na bado naumia.

Miaka ya tisini nilimchukua mama tukae naye mtaa wa Migosi, mjini. Kila ndege ikishuka Kisumu, aliacha ungo, akatoka nje kutazama. Jioni moja, nikipakua chakula, nilimwambia mama, tafadhali, yule alishakufa.

"Wewe ulimwona uso?"

"Hapana, mama."

"Basi mwachie chakula."