Majivu ya Mzee wa Sinema

Katika duka la Wahindi hapa Granville, Sydney, nilinusa pakiti ya majivu ya ibada. Msomi mzima, nikaganda kati ya mchele na dengu.

Utotoni tulitazama sinema za Kitamil kwa jirani, bila kuelewa neno. Tulichoelewa ni mzee mtakatifu mwenye ndevu: alimpaka mgonjwa majivu kwenye paji la uso, na mgonjwa akainuka.

Mama alipougua, nilichota majivu jikoni nikampaka.

"Haya, shehe wangu, sasa nifanyeje?"

"Inuka, mama. Wote huinuka."

Aliinuka, akashika ukuta, akapiga hatua tatu. Nilitoka mbio kuwatangazia majirani kwamba nimemponya, huku dada akimbeba kumrudisha kitandani, ambako hakuinuka tena.