Ziwa Halifichi Neno

Mtu akiniambia Hilkka Karvonen alimfanyia mwanawe ukatili, namwambia aende zake. Mimi nilikuwepo. Nyumba yangu iko bara, yake iko kisiwani, na kati yetu ni mkono mwembamba tu wa ziwa.

Kila mwaka, majani yakishapukutika na barafu bado haijaweza kubeba mtu, kisiwa hukatika. Mashua haipiti, mguu haupiti. Wengine huyaogopa majuma hayo. Hilkka huyangoja kama sikukuu. Hununua unga na kahawa mapema, akabaki na kimya chake. Upepo hulala, ndege wamekwenda zao, na akikohoa gatini kwake namsikia nikiwa jikoni.

Tarmo, mwanawe wa pekee, alikulia hapo, lakini mji umemsahaulisha hayo. Alikuja Jumamosi moja ya baridi kali, maji yakiwa karibu kuganda, na boti yake ya plastiki kumchukua mama, eti wiki mbili tu, akapimwe moyo. Hilkka alikuwa ameshafunga mzigo. Maskini, alifurahi kukumbukwa! Akaenda kuwasha sauna, kibanda cha kuogea mvuke, waoge kwanza, na Tarmo akashuka gatini na simu.

"Wasiwasi wa nini, bwana? Funguo za nyumba utazipata kabla ya Krismasi," alisema. "Mama? Hajui kitu. Nampeleka nyumba ya wazee, sahihi atatia hukohuko. Siku hizi anatia bila hata kusoma."

Nilikuwa nje napasua kuni. Kila neno lilinifikia. Kule ng'ambo nikamwona Hilkka amesimama mlangoni mwa sauna, ndoo mkononi. Yeye alikuwa karibu kuliko mimi. Akarudi ndani, akaongeza kuni.

Sauna ikiwashwa kwa ajili yako, huondoki. Hilo hata Tarmo hajalisahau. Hilkka alinisimulia baadaye: wakaoga, wakala samaki, akamimina kahawa, akamimina tena, mpaka giza likaingia.

"Lala, mwanangu. Tutaondoka asubuhi."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kulipokucha, maji yote yalikuwa yameganda utando mwembamba, ule unaochana boti ya plastiki kama kisu. Tarmo akalipiga gati teke.

"Mama, ulijua!"

"Nijue nini, baba? Si ulisema mwenyewe mimi sijui kitu?"

Hilkka akageukia upande wangu, wala hakupaza sauti.

"Lempi, uko macho?"

"Niko macho, jirani."

"Huyo mnunuzi akipita kwako, mwambie nyumba ina mwenyewe."

Tarmo alikaa huko mpaka barafu ilipokomaa, akavuka kwa miguu, peke yake. Sasa kila anayekutana naye mlangoni mwa kanisa anamlilia kwamba mama yake alimfunga. Majuma matatu kwa mama yake mzazi, analishwa na kuogeshwa, anayaita kifungo! Yeye alikuwa amemwandalia mama cha maisha.