Wamewaua Tena

Mvua iliniingiza kwenye banda la video hapa Kasulu, pamoja na bibi muuza karanga ambaye sote sokoni tunajua alikimbia vita Burundi akiwa msichana. Kwenye skrini steringi, muuaji wa kukodiwa, alikuwa akiangusha watu kama anakata migomba. Kila mmoja alipoanguka, bibi aliweka mkono kifuani na kusema, "Pole, baba." Vijana wakacheka.

"Usiumie, bibi," mwenye banda akamwambia. "Hii ni filamu ya zamani, wameirudia tu kwa waigizaji wapya."

"Walipata nafasi ya kurudia?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa mbona wamewaua tena?"

Mimi mpenzi wa filamu hizo sijawahi kuuliza hivyo. Risasi ikalia, na kutoka benchi la mbele kijana mmoja kati ya waliocheka akaweka mkono kifuani, akasema, "Pole, baba."