Maji Safi Ndani ya Chupa

Mnyoo yule nilimpata mwenyewe, chini ya mgomba ulioanguka katika shamba letu la Kanyakine. Alikuwa bapa kama utepe, mweusi, mwenye mstari wa manjano mgongoni. Mke wangu alitaka kummwagia chumvi. Nikamzuia, kwa sababu binti yetu anayeishi Embu kazi yake ni kuchunguza minyoo wa namna hiyo.

Binti huyu ana jina la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita mama. Alikuja mbio.

"Baba, huyu hayumo katika kitabu chochote!"

"Mdomo wake uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Tumboni, katikati."

"Basi huyo hasengenyi mtu."

Tulicheka sana siku hiyo.

Alinieleza kwamba zamani, ili kutambua aina mpya, mnyoo alikatwa vipande vyembamba kuliko karatasi mpaka akaisha. Siku hizi kuna mashine ya eksirei inayompiga picha mamia kwa mamia kutoka kila upande, na viungo vya ndani vikaonekana kwenye kompyuta bila kisu kumgusa. Baadaye alinionyesha picha zenyewe. Niliona koo lililokunjwa, matawi ya utumbo, vifuko vya mayai, nikamshukuru Mungu aliyeweka kazi nzuri namna hiyo mahali pasipotazamwa na mtu.

Mnyoo mwenyewe, amekufa lakini hajakatwa, alikuwa katika chupa, safarini kwenda makumbusho. Binti alipitia nyumbani, akamwacha kabatini, akaenda Karurumo kumzika mama wa mwenzake.

Nilifungua chupa ili nimtazame. Harufu ya pombe ikanipiga usoni. Kaka yangu aliuawa na pombe, na tangu niwe mzee wa kanisa halijaingia tone nyumbani mwangu. Nikaimwaga, nikaosha chupa, nikatia maji yaliyochemshwa na kupoa. Niliamini maji safi yangemtunza vizuri zaidi.

Binti aliporudi siku ya nne, mnyoo alikuwa ameoza na maji yamekuwa kama uji.

"Baba, nani amefungua?"

"Mimi, mama."

Akaketi. "Pombe ile ndiyo iliyomzuia asioze. Alikuwa mmoja tu."

"Si picha zipo?"

"Zipo. Lakini mwili ndio shahidi, baba. Mwenye shaka na picha huomba kuuona mwili. Ndiyo maana hatukumkata."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tangu hapo, kila mvua inapokatika, natoka kupindua magogo ya migomba. Napata konokono, napata nyungunyungu. Maandishi yake ya kumtangaza mnyoo yamesimama, na mnyoo hana jina. Kila Jumapili baada ya ibada hunipigia simu kutoka Majimbo, mtaani kwake huko Embu.

"Baba, leo?"

"Bado, mama."

Jumapili hizi mbili hakuuliza. Aliniuliza habari za magoti yangu.