Ushuhuda Wangu Ulioenda Marekani

Hapa Muheza watu wananijua kwa vitu viwili: nyumba yangu ya ghorofa iliyo kando ya barabara, na stashahada ya historia niliyoipata London, ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Sikubebwa na mjomba wala chama. Mchana nilifua mashuka ya hospitali kule Lewisham, jioni nikasoma, na nikarudi na cheti wakati wenzangu wengi walirudi na makoti tu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu ninayemlalamikia hakunishinda kwa akili.

Mtu huyo na mimi tulikuwa tukikaa chumba kimoja kule London. Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda treni ya chini ya ardhi na kuacha kumsalimia kila anayepishana naye njiani. Kazi ya kufagia mabehewa kule Stratford nilimtafutia mimi, na kanisani nilimpeleka mimi.

Kanisa lenyewe lilikuwa jengo la matofali lisilo na msalaba, kinanda wala picha. Waumini wake, wazee wengi wa Kiingereza na sisi weusi wachache, walijiita watoto wa Wapuritani. Hao Wapuritani ni Waingereza wa zamani walioona kanisa la mfalme limejaa mapambo na desturi zisizomo katika Biblia. Wakataka kulisafisha, wakasumbuliwa, na wengine wakavuka bahari kwenda kuanzisha miji yao Marekani. Jioni niliwasoma darasani, Jumapili nikakaa na watoto wao benchi moja. Hakuna mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na bahati hiyo, na mwalimu wetu nilimsahihisha zaidi ya mara moja.

Jumapili hawakupika, viazi vilichemshwa Jumamosi vikaliwa baridi. Hawakupanda basi siku hiyo, walitembea, hata mvua inyeshe vipi. Krismasi waliokuwa na kazi walikwenda kazini kama siku nyingine, kwa sababu Biblia haikutaja tarehe. Mwenzangu alipoambiwa hilo alishika kichwa.

"Kaka, Krismasi bila pilau? Hawa wamegombana na nani?"

"Na matumbo yao," nikamjibu.

Lakini mimi niliwapenda. Hawakuchezea muda, na waliamini kwamba mtoto asiyejua kusoma amenyimwa Mungu wake. Darasani tulifundishwa kwamba ndiyo maana wenzao waliovuka walikazania shule mapema, na kwamba mpaka leo Mmarekani anaiheshimu kazi kama sala, na anampenda mtu aliyeinuka kwa jasho lake mwenyewe. Niliposikia hivyo nilijiambia: nchi yangu ndiyo hiyo.

Na njia ya kwenda ilikuwapo. Kanisa letu lilikuwa na kanisa dada kule Massachusetts, lenye chuo chake, na wazee walitaka kumpeleka kijana mmoja akasome. Sharti lilikuwa moja, awe muumini kamili. Kwa watu hawa ubatizo hautoshi. Unasimama mbele ya kanisa zima, unasimulia bila karatasi jinsi Mungu alivyokugusa wewe, si babu yako. Wanakuuliza maswali, kisha wanakupokea au wanakukataa. Tuliomba kusikilizwa wote wawili. Nilimhurumia, maana nilijua ana nini cha kusema: hana.

Mimi nilikuwa nacho. Baba yangu, karani wa reli, alipofuka macho, na kila jioni nilimsomea Biblia. Aliijua kwa kichwa. Nikiruka mstari ili niwahi mpira, aligonga meza kwa kidole, nami nikarudi. Jioni moja niliruka, meza ikanyamaza. Nikaruka mwingine. Kimya. Nilidhani amekufa. Nilipoinua macho akasema, "Leo sigongi. Maneno hayo mimi ninayo. Wewe ndiye huna." Nilirudi mwanzo wa sura, nikasoma bila kuruka hata mstari mmoja.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia mwenzangu huyo tu, jikoni kwetu, tukifanya mazoezi. Alijitanda taulo mabegani akawa mzee wa kanisa.

"Ndugu, umejuaje kwamba ile ilikuwa neema, si hofu ya kufiwa tu?"

"Hofu ingekwisha baba aliposema."

"Hapo umejibu, bwana! Ila usianze na reli, watadhani unaomba kazi ya treni. Anza na macho. Na ukifika kwenye kidole, nyamaza kidogo."

Jioni nyingi tulirudia hivyo. Niliona midomo yake ikicheza pamoja na yangu, nikadhani ananiombea. Baba yake mwenyewe alikuwa na baa Moshi, na macho yake yalitambua noti bandia gizani.

Yeye alipangiwa Jumapili ya kwanza. Mimi nilikuwa zamu hospitalini, jambo walilolikubali kwa kuwa kuhudumia wagonjwa ni kazi ya huruma. Niliporudi nilimkuta anakula viazi vyake baridi.

"Vipi?"

"Wamenipokea, kaka."

"Umewaambia nini?"

"Mambo ya nyumbani tu."

Nilimkumbatia.

Jumapili iliyofuata nilisimama mimi, suti nimeipiga pasi mwenyewe. Nikaanza na macho. Bibi mmoja wa benchi la mbele akamgeukia jirani yake. Nilipofika kwenye kidole nikanyamaza kidogo, kama nilivyofundishwa, na katika kimya kile mzee kiongozi akainua mkono.

"Ndugu, habari hii tumekwisha kuisikia."

Nikamtafuta mwenzangu kwa macho. Alikuwa ameinamia kitabu cha Zaburi.

"Ni yangu," nikasema. "Yule ni baba yangu."

Mzee akamgeukia. "Ndugu, unasemaje?"

"Sisi ni watu wa nchi moja," akajibu kwa upole. "Baba zetu wanafanana."

Na wakamwamini! Kwao baba zetu wote walikuwa mtu mmoja. Mzee akaniuliza, tena kwa wema, kama nina habari nyingine. Nyingine ningeitoa wapi? Jambo kama lile mtu hupata moja. Niliketi. Kisha akaongeza kwamba hata kama neno ni langu, aliyeguswa kweli hufurahi likimbariki mwingine. Sikupokelewa.

Jikoni nilimshika kola.

"Umemwiba baba yangu!"

"Niachie, kaka. Wewe una kichwa, una masomo yako, utafika popote. Mimi nina mlango gani mwingine?"

"Ungesema ya kwako!"

"Ya kwangu ni chupa za bia. Tena nikwambie ukweli? Wewe ungeisimulia kama mtu anayeonyesha cheti. Mimi nililia. Mle ndani walilia wote."

Nilimwachia. Ningeweza kumpiga, nilikuwa na nguvu kumzidi. Lakini maneno yale yalinikata mikono, na mpaka leo, nikimkumbuka baba pale mezani, kuna sauti ya mtu mwingine inayonisimulia.

Siku ya kumuaga nilikwenda, wasije wakasema nina kinyongo. Kanisa lilijaa. Watu hawa hawana sala za kitabuni, mtu huomba kwa maneno yake, papo hapo. Mzee akaniita mbele.

"Ndugu, mwombee mwenzako. Omba kwa lugha yenu. Mungu anaielewa."

Nikaweka mkono kichwani kwake. Mle ndani hakuna aliyejua Kiswahili isipokuwa sisi wawili.

"Ee Mungu," nikasema, "huyu mtu ni mwizi. Nilimlisha, nilimlaza kitandani kwangu, naye amechukua jioni ile uliyonipa wewe mwenyewe. Anakwenda kusoma kwa jina la baba yangu. Kila atakaposimama kuisimulia, amsikie mwenye nayo. Asiweze kuimaliza bila kuniona mimi."

Bibi wa benchi la mbele alikuwa anapangusa machozi.

"Amina," akasema mwenzangu, kabla ya wote, kwa sauti kubwa. Na kanisa zima likaitikia.