Baraka Aliyoitaka Jovelyn

Kaka yangu Eliseo Palmares alifariki hapa kwetu Guimbal, Ufilipino, wakati wa Kwaresima. Mungu amrehemu.

Kwa miaka mingi alikuwa na duka la kupigia simu kwa kompyuta, nyuma ya soko. Kabla ya duka hilo, mwanamke mwenye mume melini alijirekodi kwenye kaseti, akaituma, akasubiri jibu kwa miezi. Eliseo alipofungua duka, wake wa mabaharia walipanga foleni hadi barabarani. Sauti zenyewe zilikuwa za kukatikakatika.

"Manong Eliseo! Mbona mume wangu anaongea kama kuku aliyekabwa? Amelewa?" mmoja alimwuliza; Manong kwetu ni kaka mkubwa, na Manang ni dada.

"Hajalewa, Manang. Sauti inakatwa vipande kule, inaungwa tena huku. Kipande kikichelewa, mashine inakitupa."

"Kumbe ndiyo maana ahadi zake hazifiki!"

Duka zima lilicheka.

Baadaye mtandao ukaimarika, ukaingia kwenye simu za mkononi, na kila mtu akaongea na wake akiwa amelala kitandani. Duka likafa. Eliseo hakulalamika. "Si ndicho tulichokuwa tunakiomba?" alisema.

Mwanawe wa pekee, Jovelyn, ni mfanyakazi wa ndani Hong Kong. Saratani ya mapafu ilipomzidi baba yake, mwajiri hakumpa ruhusa ya kuja. Akaomba jambo moja tu: baba ambariki kwa kinywa chake mwenyewe.

Mchana ule padri alikuwa amekwisha kumpaka kaka mafuta matakatifu. Nikampigia Jovelyn, nikaisogeza simu mpaka kwenye midomo ya baba yake. Manang Consorcia, anayeongoza sala za wanaokata roho mtaani kwetu, alikuwa ameshaanza rozari, na rozari hiyo kwetu haikatizwi.

"Pazeni sauti," alituhimiza. "Mtoto asikie huko ng'ambo kwamba baba yake hayuko peke yake."

Chumba kilijaa watu. Wakapaza sauti. Midomo ya kaka ikaanza kucheza.

"Shangazi, nasikia Salamu Maria tu!" Jovelyn alilia. "Waambie wanyamaze!"

"Manang, nakusihi, anaongea!" nilimwambia Consorcia.

"Tumalize fungu hili, mdogo wangu. Zimebaki Salamu mbili."

Simu za siku hizi hushika sauti kubwa, na ile hafifu huifuta kama kelele. Tulipofika Atukuzwe Baba ya kufunga fungu, midomo ya kaka ilikuwa imetulia.

"Tatay, sasa pametulia," Jovelyn alimwambia baba yake. "Haya, sema. Nakusikiliza."

Baba yake alikuwa ameshakata roho. Manang Consorcia ndiye aliyeichukua simu, akamwambia huku akilia.

Jovelyn bado ananipigia, na sauti yake inafika safi kama amekaa jikoni kwangu. Kila mara ananiuliza, "Shangazi, wewe ulikuwa karibu naye. Alisema nini?"

Sijui. Mahali ambapo ningetega sikio langu, niliweka simu. Ninamwomba Mungu anijulishe walau neno moja nimpelekee mtoto huyu, na mpaka leo hajanijibu.