Dalali wa Bofu na Mashine Iliyotia Chumvi

Ishaka wa mtaa wa Bofu alikuwa dalali wa nyumba, na akikueleza chumba huoni tena haja ya kwenda kukitazama. Dirisha linaloangalia ukuta wa jirani yeye aliliita la upepo wa bahari.

Udalali ulipozorota, mkewe Hanan alimwombea kibarua kwa Kafedha, jirani yao wa zamani, aliyesimamia ofisi ndogo kule Nyali. Kazi yenyewe ilikuwa kufunza mashine kueleza picha. Mashine hutoa maelezo mawili ya picha moja, Ishaka huyapa alama, nayo hujirekebisha kufuata alama hizo.

Ishaka alipenda maneno mengi. Maelezo yakiwa marefu na matamu, aliyapa alama za juu.

Wiki kadhaa baadaye Kafedha akamwita, akamwonyesha picha ya jiko la makaa. Mashine ilikuwa imeandika kwamba kando ya jiko yupo bibi anayetabasamu, na paka amelala.

"Bibi yuko wapi, kaka Ishaka?"

Ishaka akaikagua picha yote. "Hayupo."

"Na paka?"

"Hata paka hayupo."

"Mashine yafuata alama tu. Ikijua maneno mengi ndiyo yapendwayo, itayatoa popote."

Ishaka akaona haya.

Kuanzia hapo, kila kitu cha kweli kilipata alama, na kila cha uongo kikakatwa alama nyingi zaidi. Mashine ikawa bahili. Picha ile ile ikaielezea kwa neno moja: "Jiko."

"Sasa imeingiwa na woga," Kafedha akasema. Ikabidi wakate alama pia kwa kinachoonekana wazi kisha kikaachwa. Polepole maelezo yakakaa sawa: jiko la makaa lenye kutu, kwenye sakafu ya simiti iliyopasuka, majivu yamemwagika upande wa kulia. Ishaka aliyasoma mara mbili, akaridhika.

Mwezi huo alimpeleka mwalimu mmoja, Ruth, kuona chumba cha mzee Habib. Habib mwenyewe alikuwapo.

"Ukuta wa nyuma huvuja masika," Ishaka akamwambia Ruth. "Maji ya mfereji huja kwa zamu. Mlango ni mzima, na choo ni chako peke yako."

Ruth akashukuru, akasema atafikiria, akaenda zake. Hakurudi.

"Wewe ni dalali wangu au wa mpangaji?" Habib akamuuliza Ishaka siku chache baadaye.

"Nimesema kilichopo, mzee wangu."

Habib akanyoosha mkono, akachukua funguo zake.

Nyumbani Ishaka alimsimulia Hanan yote. Hanan alikuwa akikuna nazi, hakuinua kichwa.

"Ungeanza na choo," akasema. "Ukuta ungeusema baadaye, lakini ungeusema."

Ishaka akalifikiria neno hilo. Kesho yake alikuwa na mteja mwingine, wa chumba karibu na msikiti. Alianza na choo, akamalizia na mbu. Mteja akakichukua.